Mkono kufa ganzi usiku: mazoezi ya kutelezesha mshipa wa fahamu yalivyonirudisha kwenye cherehani

FundiSare_Moro

Wakuu habari za usiku. Humu nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaolalamika mikono kufa ganzi, na majibu wanayopewa ni kunywa maji mengi, au hiyo ni presha, au umelalia mkono. Mimi nimeumwa kitu hiki karibu mwaka mzima nikizunguka, na nilichokuja kukijua nimekijua kwa kuchelewa. Naandika yote, itakuwa ndefu, mnisamehe. Najua kuna fundi mwenzangu, au msusi, au mama wa chapati, ambaye leo saa nane usiku ataamka akae kitandani anakung'uta mkono.

Nipo Morogoro, nashona sare za shule. Anayeijua kazi hii anajua Desemba ilivyo. Unakata robota la kitambaa kizito tangu asubuhi, mkasi hautoki mkononi, usiku unashona, kesho yake unakata tena. Ilinianza Desemba ya mwaka juzi. Nikawa naamka mkono wa kulia umekufa, nauona kama wa mtu mwingine. Nauning'iniza nje ya kitanda, naukung'uta kama ninayekung'uta maji, unarudi polepole na sindano sindano, baada yake moto. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Kufikia Machi ni mara tatu kwa usiku mmoja, na mchana nikishika simu sikioni dakika mbili tu vidole vinaaga.

Kilichonitisha hasa ni sindano. Miaka yote mimi sindano naisikia kwa vidole, siitazami. Siku hiyo nilikuwa napandisha lupindo la sketi, nikaona sina sindano. Nikainama kuitafuta chini, nikapapasa mkeka, nikamwita binti yangu aje na tochi ya simu. Akaniambia, "Mama, si hiyo umeishika?" Ilikuwa katikati ya gumba na kidole cha shahada, nimeibana kabisa, na vidole havina habari nayo.

Mama mkwe akasema ni baridi, nisifue usiku. Nikaenda kutibiwa, mahali sitapataja, nikapewa dawa za maumivu na vitamini. Nikarudi, nikapewa zile zile. Mara ya tatu zile zile. Miezi minane, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ganzi iko kwenye kidole kipi.

Kosa la kwangu sasa. Kuna mtu akanitumia video ya mazoezi ya "kufungua mishipa". Unaegemeza kiganja ukutani, mkono umenyooka, shingo unaivutia upande wa pili, unavuta vidole nyuma kwa mkono mwingine, unashikilia. Mimi nimekulia kwenye imani kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya, kwa hiyo nikavuta mpaka machozi. Asubuhi na jioni kwa siku nne. Siku ya tano sikuweza kufunga kifungo cha blauzi yangu, ganzi haikuondoka mchana kutwa.

Ndipo nikapata rufaa ya kwenda fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Niliyemkuta ni dada mdogo tu, pengine sawa na mdogo wangu wa mwisho. Hakugusa mkono kwanza. Alichora kiganja kwenye karatasi, akanipa kalamu, akasema, "Mama, paka rangi pale penye ganzi tu." Nikapaka gumba, shahada, cha kati. Nilipofika kidole cha pete nikasita. Upande unaotazama kidole cha kati una ganzi, upande unaotazama kidole cha mwisho hauna. Kidole kimoja, nusu kimelala na nusu kiko macho. Nikamwambia labda nakosea. Akasema, "Hukosei hata kidogo, hapo ndipo nilipotaka ufike."

Akaniambia niweke migongo ya viganja pamoja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo dakika moja. Haikufika hata nusu, vidole vile vile vikaanza.

Naendelea chini, simu inasema maandishi ni marefu.

FundiSare_Moro

Alinieleza hivi. Kwenye kifundo cha mkono kuna kinjia chembamba. Chini na pembeni ni mifupa midogo, iko minane, imejipanga kama bakuli. Juu yake kuna ukanda mgumu uliofunga lile bakuli, hautanuki. Ndani ya kinjia hicho zinapita kano tisa za kukunja vidole, na juu ya kano hizo, chini ya ule ukanda, umebanwa mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi, au maji yakijaa mwilini, ukanda hausogei wala mifupa haisogei. Kinachoumia ni kile kilicho laini kuliko vyote, yaani mshipa wa fahamu. Wenyewe wanauita ugonjwa wa kapo taneli.

Mpaka hapo nilielewa. Nisichoelewa ni kwa nini mazoezi ya ukutani yaliniumiza wakati yeye pia anataka kunipa mazoezi. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akasema, basi wewe utanielewa kuliko wote.

"Chukua sketi yenye kamba ndani ya lupindo la kiunoni. Ukivuta ncha ya kulia ukaiachia ya kushoto, kamba inafanya nini?"

Nikamwambia inateleza ndani ya lupindo.

"Na ukishika ncha zote mbili ukavuta kwa pamoja?"

Inakaza, kitambaa kinajikunja.

"Ile video yako ilikuwa inavuta ncha zote mbili."

Wakuu, nilinyamaza. Miaka ishirini natia kamba kwenye malupindo, sikujua nimebeba moja mwilini. Mshipa huo unatoka shingoni, unapita kwapani, unashuka upande wa ndani wa mkono, unapita kwenye kiwiko, unaingia kwenye kile kinjia na kugawanyika vidoleni. Ukinyoosha kiwiko unauvuta. Ukirudisha kiganja nyuma unauvuta. Ukiinamisha shingo upande wa pili unauvuta. Mshipa uliovimba hautaki kuvutwa kote kote. Unataka kutembea ndani ya njia yake, damu ipite na uvimbe upungue.

Zoezi lenyewe nililopewa ni hili. Nakaa kwenye stuli, mabega nimeyashusha. Mkono uko pembeni, kiwiko nimekunja, kiganja kinatazama juu kama mhudumu aliyebeba sinia la chai. Hapo kifundo kinavuta lakini kiwiko kimelegeza. Halafu naunyoosha mkono kwenda pembeni polepole, na kadiri kiwiko kinavyonyooka ndivyo kiganja ninavyokiachia kilegee kishuke chini. Sasa kiwiko kinavuta, kifundo kimelegeza. Narudi kwenye sinia. Ni mwendo mmoja kama wa kupepea, hakuna kushikilia, hakuna kuuma meno. Mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi kabla ya kulala.

Wiki ya kwanza hata hivyo tu vidole vililia. Akanirekebisha, kila ninaponyoosha kiwiko niinamishe na kichwa upande ule ule wa mkono unaoumwa, kamba ilegezwe na kutoka juu. Ikakubali. Sheria aliyonipa ni kwamba sindano sindano ndogo inayoondoka mkono ukirudi haina shida. Ikibaki baada ya zoezi, nimeenda mbali mno, kesho nipunguze mwendo.

Kuna na zoezi la vidole, kunyoosha, kukunja kama ndoano, kufumba ngumi, ili kano nazo ziteleze kila moja kivyake.

Na splinti ya usiku, yaani kile kifaa cha kuvaa mkononi kinachoshika kifundo kisijikunje. Hii naomba muisome vizuri. Nilikuwa nimeshanunua yangu duka la vifaa tiba, nikawa naivaa na haisaidii. Akaifungua, akachomoa kile kibati cha ndani, akakiweka mezani. Kilikuwa kimepinda, kinarudisha kiganja nyuma. Nilikuwa nalala na mkono umekunjwa kwa pesa yangu mwenyewe! Akakikandamiza kwenye ukingo wa meza mpaka kikanyooka, akakirudisha. Usiku huo niliamka mara moja tu.

Siku nyingine aliniambia nije na mkasi wangu. Nikakata kitambaa mbele yake nikiwa nimechuchumaa kama ninavyofanya nyumbani, sakafuni. Akanionesha kifundo kilivyojikunja kila ninapofunga mkasi. Sasa hivi nakata juu ya meza iliyofika kiunoni, na mkasi napeleka kunolewa kila mwezi. Mkasi butu nilikuwa naukamua kwa nguvu zote bila kujua.

Wiki ya sita nilianza kulala usiku kucha. Mwezi wa nne sindano ilirudi, yaani naisikia. Nawakaribisha wenye maswali, nitajibu ninachokijua.

kijana_wa_kijiwe

Dada shikamoo. Umeandika habari yangu kabisa. Mimi bodaboda, nikienda safari ndefu mkono wa kulia wa mafuta unakufa ganzi, inabidi nipaki pembeni niukung'ute. Na usiku hivyo hivyo. Nina miaka 34. Haya mazoezi naweza kuanza leo?

FundiSare_Moro

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya mazoezi chukua karatasi uchore kiganja chako upake rangi kama mimi. Kama ni gumba mpaka nusu ya kidole cha pete, ndiyo njia hii. Halafu uende ukapimwe, usiishie kwangu. Mimi ni fundi tu.

MwanaKisauni

Dada ahsante sana kwa kutueleza. Niko Mombasa. Mamangu anakanda unga wa chapati tangu alfajiri, na ni mgonjwa wa sukari. Mikono yake yote miwili ina ganzi. Tunamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi kila usiku, anasikia nafuu kidogo lakini saa tisa anaamka. Je, kukanda kuna madhara?

FundiSare_Moro

Pole kwa mama. Mimi pia nilikandwa sana, na mtaalamu wangu hakunikataza ila alisema mkono wenye ganzi usitiwe maji ya moto bila mtu mwingine kuyajaribu kwanza, unaweza kuungua usijue. Na mtu asibonyeze kwa nguvu pale kwenye kifundo, mshipa tayari umebanwa. Habari ya sukari naomba kuna mtaalamu humu ajibu, mimi sitaki kudanganya.

FizioMoshi

Salaam kwa wote. Mimi ni mfiziotherapia, nilisomea hospitali ya KCMC pale Moshi, na uzi huu nimetumiwa na mgonjwa wangu. Nimefurahi mno. Huo mfano wa kamba na lupindo nitauazima kesho asubuhi.

Niongeze machache, maana kuna mengi dada amefupisha.

Kwanza kuhusu kubanwa. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliingiza kifaa cha kupima shinikizo ndani ya kinjia hicho. Kwa watu wazima wa afya, kifundo kikiwa kimenyooka, walipata wastani wa 2.5 milimita za zebaki. Kwa wagonjwa walipata 32. Mgonjwa akikunja kifundo chote inapanda hadi 94, na akikirudisha nyuma 110. Sasa mtu aliyelala na kifundo kimejikunja chini ya shavu saa sita mfululizo, mshipa unakosa damu, unamwamsha. Kukung'uta kunasaidia kwa muda. Ndiyo maana splinti iliyopinda ni hasara, na nawaomba kila mwenye nayo nyumbani akitazame kibati chake.

Pili kuhusu kuteleza na kuvuta. Wataalamu wawili, Michel Coppieters na David Butler, walipima jambo hili kwenye miili ya marehemu wakatoa majibu yao mwaka 2008. Kwa mwendo wa kutelezesha, ule wa sinia, mshipa ulitembea kifundoni wastani wa milimita 12.6. Kwa mwendo wa kuvuta ncha zote mbili ulitembea 6.1 tu, na mshipa ukakazwa zaidi. Yaani anayevuta kwa machozi anapata nusu ya mwendo na maumivu juu yake.

Tatu, na hili nalisema kwa sababu napenda kazi yangu na sitaki iuzwe kwa uongo. Mazoezi ya kutelezesha peke yake ushahidi wake si mzito. Yanasaidia zaidi yakiwa ndani ya kifurushi, yaani mgonjwa aelezwe ugonjwa wake, avae splinti usiku, afanye mazoezi nyumbani, abadilishe namna ya kufanya kazi. Australia walijaribu kifurushi cha namna hiyo kwa watu 105 waliokuwa wakisubiri kumwona daktari wa upasuaji, majibu yakatoka mwaka 2020. Baada ya wiki 24, waliopewa kifurushi asilimia 59 walichukua njia ya operesheni. Walioachwa wasubiri tu walikuwa asilimia 80. Mtaona kwamba zaidi ya nusu bado walikwenda kwenye kisu. Hiyo ndiyo hali halisi, na hao wengine ambao hawakwenda ni watu, kila mmoja ana kazi yake na watoto wake.

Kwa mama wa Mombasa. Sukari inaharibu mishipa ya fahamu yenyewe na pia inaikaza kano, kwa hiyo wagonjwa wa sukari wanapata kapo taneli kuliko wengine. Dada yangu, muulize mama kama na nyayo zina ganzi. Zikiwa nazo, kuna shida mbili kwa pamoja, na sukari isiposhuka mazoezi yatafanya kazi kidogo sana. Splinti anaweza kuvaa hata leo. Unga mwambie aukande kwa ngumi kifundo kikiwa kimenyooka, meza iwe chini kidogo ya kiuno ili uzito wa mwili usaidie, asisukume kwa kitako cha kiganja huku kifundo kimerudi nyuma. Uzito wote unaangukia hapo hapo.

Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, baridi yabisi ya viungo, unene, na ujauzito vyote vinaleta hali hii. Ndiyo maana namwambia bodaboda aende apimwe na sukari, asione ni usukani wa pikipiki tu.

Babu_Scania

Daktari nisaidie. Ganzi yangu iko kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, mkono wa kulia. Nimefanya zoezi la sinia tangu jana, halibadilishi kitu.

FizioMoshi

Mzee wangu, hilo zoezi acha, si lako. Huo ni mshipa mwingine, unapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unasikia umeme mpaka kidoleni. Naona jina lako ni la lori. Usukani wa huku uko kulia, je, kiwiko unakiegemeza dirishani safari nzima?

Babu_Scania

Dar hadi Tunduma, miaka kumi na tisa. Kiwiko hakijawahi kutoka dirishani.

FizioMoshi

Anza na hapo mzee. Kiwiko kitoke dirishani, na usiku usilale umekikunja kabisa, funga taulo kiwikoni kisiweze kujikunja. Halafu uonwe na mtu, kwa sababu mshipa huo ukikaa umebanwa unakula misuli ya kiganja.

neema_tng

Samahanini wakubwa, mimi ni mjamzito wa miezi saba, nipo Tanga. Hiyo ganzi ninayo mikono yote, pete ya ndoa nimeivua maana vidole vimevimba. Naogopa kufanya zoezi lolote nisije nikamdhuru mtoto.

FizioMoshi

Zoezi la sinia halimdhuru mtoto mdogo wangu, ila kwa sasa kilicho muhimu kwako ni splinti za usiku, mikono yote miwili. Mwili umeweka maji mengi na kile kinjia hakitanuki. Wengi hali hupungua wiki chache baada ya kujifungua. Ila sikiliza, ukiona uso nao umevimba, kichwa kinauma sana au macho yanaona maluweluwe, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo wakupime presha.

Mkulima_Halisi

Nimekaa nasoma tangu mwanzo, naona nami niseme, maana simulizi yangu haikuisha kama ya dada.

Mimi ni seremala. Ganzi nilikuwa nayo miaka sita. Sita. Nilizoea kukung'uta mkono kama mtu alivyozoea kukohoa. Mwaka wa nne ganzi ikaacha kwenda na kurudi, ikakaa. Nikafurahi kwamba maumivu ya usiku yamepungua, nikajua napona! Kumbe mshipa ulikuwa unakufa. Nilikuja kushtuka siku ya kula ugali na shemeji yangu, akaniuliza, "Shemeji mbona kiganja chako kimebonyea?" Ule mnofu ulio chini ya gumba, ambao kwa seremala huwa umejaa kama kitumbua, ulikuwa haupo. Nikalinganisha na mkono wa kushoto mbele ya watu mezani.

Nilipofika hospitali walinipima kwa umeme mwendo wa mshipa, wakasema mazoezi muda wake umepita. Nikapasuliwa, wakaukata ule ukanda wa juu ili kinjia kipate nafasi. Operesheni yenyewe si ya kuogopesha, sindano ya ganzi ya hapo hapo, nilikuwa macho, nilirudi nyumbani siku ile ile. Moto wa usiku uliondoka palepale. Lakini mnofu haujarudi, na ni mwaka wa tatu. Randa naishika kwa kuilazimisha. Bawaba ndogo siwezi kuifunga skrubu zake, anafunga kijana wangu.

Kwa hiyo mazoezi naunga mkono, tena sana, ila yafanywe mapema na chini ya macho ya mtu anayejua. Angalieni viganja vyenu leo, vyote viwili, mviweke pamoja kwenye mwanga.

FizioMoshi

Asante sana mkuu kwa kuandika. Ningeombwa nichague sehemu moja ya uzi huu ibandikwe ukutani kwenye kila zahanati ningechagua hii yako. Ganzi isiyoondoka mchana wala usiku, gumba lisilo na nguvu ya kufungua kizibo cha chupa, mnofu uliobonyea. Mwenye moja ya hizo asianze na mimi, aanze na daktari wa upasuaji, mimi atanikuta baadaye.

Kati ya mazoezi na operesheni kuna na sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, pale kifundoni. Uingereza waliilinganisha na splinti ya usiku, majibu ya mwaka 2018, wiki ya sita waliochomwa walikuwa na nafuu zaidi, ila mwezi wa sita tofauti haikuwepo tena. Kwa mtu aliyekosa usingizi mwezi mzima hizo wiki sita si jambo dogo. Ichomwe na mwenye ujuzi, si kila mwenye bomba.

MsusiNyakato

Jamani mimi ni msusi. Kusimama na kusuka rasta saa tano, shingo imeinama, kifundo kimejikunja. Nikiwaambia wateja nipumzike wanaona nachelewesha makusudi. Dada fundi, wewe uliwezaje kupumzika Januari wateja wamejaa mlangoni?

FundiSare_Moro

Dada msusi, sikuweza. Mwaka huo nilipunguza oda, nikampa kazi ya kukata kijana mmoja wa jirani, pesa ikapungua na ndani tulisemezana. Sikufichi. Ila nilifanya kitu kimoja ambacho hata wewe unaweza. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mguu wa cherehani. Kila nikiuona nashusha mabega, nafanya sinia mara tano, sekunde ishirini hazifiki, naendelea. Mteja hajui hata kama nimepumzika. Wewe funga kwenye kitana.

Na stuli yako ipandishe au mteja umshushe, umsuke bila kuinua viwiko juu.

MwanaKisauni

Dada narudi na habari. Tumempeleka mama, sukari ilikuwa juu, wamembadilishia dawa. Nyayo pia zina ganzi kama alivyosema daktari wa Moshi. Splinti amevaa wiki mbili, mkono wa kushoto unalala, wa kulia bado anaamka mara moja. Zoezi anafanya akiwa amekaa barazani, wajukuu wanamfuatisha, wote wamebeba sinia.

FundiSare_Moro

Nimecheka peke yangu hapa na machozi yakanitoka. Mpe mama salamu zangu nyingi. Mwambie asikate tamaa na wa kulia, wangu nao ulichelewa.

kijana_wa_kijiwe

Dada, daktari, narudi na mimi. Nilichora kiganja, ni vidole vile vile vyako. Nikaenda kupima, sukari asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11. Sikuwahi kujua. Nimerudi siku ya pili ni hivyo hivyo, nimeanzishiwa kliniki. Kama si huu uzi ningekuwa nabadilisha glavu tu mpaka leo.

Sasa swali. Nimenunua splinti. Nimeivaa usiku wa kwanza nimeamka vibaya kuliko siku zote.

FundiSare_Moro

Mdogo wangu, hiyo sukari uishike vizuri, kliniki usikose hata moja. Na kuhusu splinti, umechomoa kibati?

kijana_wa_kijiwe

Ndiyo nakichomoa sasa hivi. Kimepinda kama ndizi.